Sauti Nyuma ya Mikaratusi

Mtu akikuambia Mzee Wabwile ni mkimya, usimwamini. Mzee yule anaongea sana, tatizo ni kwamba hana wa kuongea naye. Huongea na ng'ombe anapomkamua, huigombeza sufuria ikichelewa kuchemka, na humjibu mtangazaji wa redio kana kwamba yuko pale sebuleni anasubiri chai. Tangu mkewe Edah afariki, nyumba ile iliyo bondeni, kati ya Ndalu na Kitale, ina viti vingi kuliko watu. Mwenyewe amejifunza kupika ugali wa mtu mmoja, na nani alikudanganya kwamba hiyo ni kazi rahisi? Ukipunguza unga unalala njaa. Ukizidisha, kiporo chake unakila asubuhi, peke yako vilevile.

Siku za kazi hushinda na koti la shamba. Jumapili ni habari nyingine. Akitoka kanisani havui shati lake jeupe hata jua likiwa kali. Hutoa kiti nje, akakiegemeza ukutani, akapangusa kioo cha simu kwa ncha ya shati, halafu akangoja. Humngoja Fridah, mwanawe wa pekee, aliye Bungoma, ambako ana kibanda cha kuchapisha na kunakili karatasi karibu na chuo kikuu cha Kibabii. Simu yenyewe, ile ya kupangusa, ni Fridah aliyemtumia ili amwone mjukuu. Mjukuu huyo alizaliwa mwaka uliofuata msiba, akapewa jina la marehemu: Edah. Wabwile hajawahi kumshika.

Najua unachotaka kuuliza. Kutoka kwa Wabwile hadi Bungoma ni mbali kiasi gani? Si mbali. Mtu anakunywa chai ya asubuhi kwake, na chakula cha mchana anakikuta huko. Basi kwa nini mzee asifunge safari? Kwa sababu Wabwile ni Mbukusu wa kale, na Mbukusu wa kale hatii mguu katika nyumba anayoishi bintiye kabla wazee wa upande wa mume hawajaja kwake rasmi, wakaketi, wakazungumza, wakala. Akienda kabla ya hapo amejivua nguo mwenyewe. Na wazee wa Hillary, kijana anayeishi na Fridah, hawajaja.

Kwa nini hawajaja? Hapo ndipo penye kidonda, na nitakitaja mimi kwa sababu mwenyewe hapendi kukitaja. Siku ya mazishi ya Edah, Hillary alikuja na kaka zake na mjomba wao, wamevaa suti, wamebeba shada la maua. Walikuja kwa heshima, na hakuna mtu pale ambaye hakujua yule kijana ni nani kwa Fridah. Lakini hakuwa amejitambulisha kwa taratibu zinazotakiwa, na Wabwile, ambaye uchungu ulikuwa umempanda kichwani, aliwatazama wakilikaribia hema la jamaa, akauliza kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, "Hawa ni wageni wa nani?"

Vijana wale walirudi nyuma ya umati wakasimama juani mpaka jeneza likashuka. Fridah aliondoka nao jioni hiyo hiyo, hakungoja hata siku ya jamaa kunyolewa nywele kumaliza matanga, na hajakanyaga nyumbani tangu hapo. Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli, lakini Wabwile hata hakuinama kujaribu kuyazoa. Alijiambia mtoto atarudi mwenyewe hasira zikipoa.

Damu ni damu, hata hivyo. Mtoto alipozaliwa Fridah alipiga simu, na akaendelea kupiga kila Jumapili. Na kila Jumapili mambo yalikwenda vilevile. Uso wa Fridah unatokea, umejaa kioo.

"Papa, umeshindaje?"

"Niko mzima, mayi."

Humwita mayi, yaani mama, kwa sababu alimpa jina la mama yake mzazi, Nakhumicha. Wanaongea juu ya mahindi, wanaongea juu ya ng'ombe, wanaulizana nani amekufa na nani ameoa. Halafu uso unaanza kumeguka. Unakuwa vipande vya mraba, jicho moja linabaki juu, mdomo unahamia shavuni. Sauti inafika nusu, inakwama, kisha yanamwagika maneno mengi kwa pamoja, ya nyuma yamepanda juu ya ya mbele. "Papa, netiweki... inasum..." Kisha kimya, na mzee anabaki anajitazama mwenyewe kwenye kioo cheusi.

Kuna jambo alilokuwa amelitambua, ambalo hakumwambia hata ng'ombe. Mara nyingi simu ilikufa pale alipouliza swali lake. Swali lilikuwa moja tu, na aliliuliza kila Jumapili: "Wazee wa Hillary wanakuja lini?" Moyoni swali hilo lilimaanisha, rudi nyumbani mwanangu, nilikosa. Lakini mpaka limefika mdomoni lilikuwa limeshavaa koti la mzee wa ukoo na kushika fimbo. Hivyo alibaki na jambo moja la kumla roho wiki nzima: ni netiweki inayokatika, au ni Fridah anayekata?

Angeweza kupanda hadi barabarani, ambako simu hushika vizuri. Majirani walimwambia hivyo. Aliwajibu kwamba mambo ya nyumbani hayapigiwi kelele mbele ya watu wa bodaboda, na hapo hakukosea. Lakini kuna kweli nyingine ambayo nitamsemea: aliogopa jibu. Bondeni, nyuma ya miti yake, angalau alikuwa na shaka, na mtu mpweke anaweza kuishi na shaka kwa miaka mingi kama anavyoishi na paka.

Mwaka huu, mvua zilipokolea, lilikuja gari la mafundi kutoka Kitale. Zahanati ya ng'ambo ya bonde ilikuwa ikipoteza mtandao tangu mvua zianze, na fundi mmoja, msichana wa miteremko ya Mlima Elgon aitwaye Chepkosgei, aliamua kuifuata kwa miguu njia yote kutoka mnara wa simu ulio juu ya kilima hadi zahanati, aone kuna nini katikati. Katikati kulikuwa na Wabwile. Mzee alimkuta amesimama nyuma ya nyumba, kichwa juu, anaitazama safu ya mikaratusi kama mtu anayekadiria bei.

"Mzee, hii miti ni yako?"

"Ni yangu. Kwani kuna ubaya?"

"Hakuna. Ni mizuri sana. Hata imekuwa mizuri kupita kiasi."

Wabwile hakuelewa, lakini alikuwa amepata mtu wa kuongea naye na hakuwa na nia ya kumwachilia. Alimleta ndani, akampa chai na mahindi ya kuchemsha, akamwuliza juu ya kwao, juu ya viazi vya kwao, juu ya baridi ya kwao. Alipoishiwa ndipo akamwuliza juu ya miti.

"Mnara uko kule juu," Chepkosgei alisema, akinyoosha kidole kwenye dirisha. "Mawimbi ya simu yanatoka kule yakuje hapa. Sasa yanapata hii miti. Na haya mawimbi hayasikizani na majani, sanasana majani yakiwa na maji."

"Yanazuiwa?"

"Si kuzuiwa, Mzee. Afadhali ukuta, ukuta unajua hapa hakuna kitu. Miti inayachanganya. Kila jani linakunywa kidogo, ile inabaki linarusha upande wake. Hili linarusha huku, tawi lile linarusha kule." Alifikiri kidogo, akiwa ameshika hindi. "Chukulia uko na ujumbe. Unaita watoto wote wa boma, unawaambia wapeleke ujumbe mmoja, na kila mmoja anapitia njia yake ndani ya mahindi. Wote watafika, lakini si pamoja. Huyu amewahi, yule amechelewa, na wote wanaanza kuongea mara moja. Utasikia nini?"

"Kelele."

"Ndiyo hiyo sasa. Mahali pengine wanapatana, unasikia vizuri kabisa. Ukisogea hatua moja, wanauana wenyewe kwa wenyewe, hakuna kitu. Alafu upepo ukitingisha matawi, njia zote zinabadilika tena."

Wabwile aliweka kikombe chini. Maisha yake yote aliijua miti kwa uzito wake, kwa unene wake na kwa bei yake. Hakuwahi kufikiri kwamba maneno ya watu hupita ndani yake.

"Na ni jani gani linaharibu?"

Chepkosgei alicheka. "Hakuna mtu anaweza kujua. Hata mimi na mashine yangu siwezi. Ni yote kwa pamoja, na hakuna moja unaweza kulaumu."

"Kwa hivyo mtu anaweza kuongea vizuri kule kwake, afike huku amevunjika?"

"Kabisa."

"Bila yeye kukata?"

Nadhani msichana alielewa kwamba hawaongei tena juu ya zahanati. "Bila yeye kukata, Mzee," alisema kwa upole.

Hapo mzee alisimama akamwongezea chai bila kuombwa, na sukari akaitia kama ya harusi. Ningetaka umwone. Mtu aliyekuwa amejikunja kwa miaka alinyooka mgongo mbele ya mgeni. Fridah hakuwa akimkwepa! Ni majani. Ni maji juu ya majani. Chepkosgei alipoondoka, Wabwile alirudi nyuma ya nyumba akaitazama mikaratusi yake kwa chuki aliyoifurahia.

Lakini miti ile haikuwa ya kukatwa hivi hivi. Aliipanda mwaka aliozaliwa Fridah, enzi alipokuwa akipokea malori ya magogo kwenye kiwanda cha karatasi Webuye, mahali ambapo kila mfanyakazi aliamini mwenye mikaratusi hafi maskini. Fridah alipoingia sekondari aliikata yote, ikamsomesha. Mkaratusi hauna kinyongo. Visiki vilichipuka, naye akachagua machipukizi yenye afya, mengine akayafyeka kama alivyofundishwa kazini. Kiwanda kilipofungwa na watu kurudishwa nyumbani, alikuta yamekuwa miti tena, mirefu kuliko ile ya kwanza. Edah ndiye aliyesema, "Hii sasa tuiache, ni ya siku yetu." Mzee wa kwao hujiandaa. Huacha fahali wa kuchinjwa, na huacha miti: kuni za kuwapikia waombolezaji, nguzo za kufungia maturubai, mbao za sanduku. Edah aliondoka kwanza, ikakatwa michache kwa ajili yake. Iliyobaki ilikuwa ya Wabwile.

Kuikata ukiwa hai ni sawa na kuchimba kaburi lako halafu ukaingia nyumbani kula. Jirani yake Kizito, mwenye msumeno wa injini, alipoitwa alikuja, akaweka msumeno chini, akakunja mikono.

"Mzee, kwani umeota nini? Hii miti si ulisema ni ya siku yako?"

"Nimesema ukate."

"Ama daktari amekuambia kitu, unatuficha?"

"Kizito, bana, unakata ama nitafute mwingine?"

Kizito akakata, lakini mdomo wake ulikwenda kasi kuliko msumeno. Kabla magogo hayajatolewa matawi, kijiji kizima kilijua kwamba Wabwile amekata miti ya matanga yake, maana yake ameambiwa hana muda. Watu wakaanza kumiminika. Akina mama wa kanisa walileta ndizi na kuku, wazee walikuja kumkumbusha habari za ujana wao, na hata watu ambao hawakuwa wameingia boma lile tangu msiba walikuja wakaketi wakimchungulia macho kama yamegeuka rangi. Viti vyote vilijaa. Mzee alifurahi sana, akala kuku wao na kurudia sahani. Watu walipoona anavyokula wakagundua hafi, wakamwombea heri, wakaenda zao. Kufikia Ijumaa viti vilikuwa vitupu tena.

Hapo ndipo alipouona upweke mwingine, ambao hakuutarajia. Miti ile ilikuwa ikivuma. Usiku na mchana ilivuma, na yeye, bila kujua, alikuwa ameizoea kama sauti ya watu walio chumba cha pili. Sasa bonde lilinyamaza. Jua lilipiga bati moja kwa moja, kaburi la Edah likaachwa wazi juani, na kilima chote kikaonekana hadi mnarani. Alisimama uani akahisi yuko uchi. Lakini alijifariji: sauti moja ya kweli ni bora kuliko uvumi wa miti mia.

Fridah hakuambiwa. Mzee alitaka iwe ghafla, apige simu kama kawaida, amkute baba yake amekamilika. Tena safari hii hangeuliza swali lake. Aliamua. Angesema lile alilopaswa kusema siku nyingi, na akalifanyia mazoezi zizini asubuhi na jioni: "Nilikosa, mayi. Siku ile ya mama yako nilimkosea Hillary, na nilikukosea wewe. Mwambie nimeomba msamaha." Ng'ombe alitafuna majani yake, hakuona kasoro.

Jumapili ilifika. Ilikuwa imenyesha asubuhi, mvua ambayo zamani ingeua simu kabisa. Wabwile alikaa kwenye kiti chake, shati jeupe, moyo unamdunda kama wa kijana anayekwenda kuchumbia. Simu ikaita.

Uso wa Fridah ukatokea, na haukumeguka. Mzee alimwona mwanawe mzima mzima kwa mara ya kwanza tangu msiba. Aliona amekonda. Aliona unywele mmoja mweupe juu ya sikio, akashangaa mtoto wake anazeeka. Nyuma yake aliona pazia la maua na pembe ya kabati la vyombo, na mara akaruka mtoto mwenye macho ya marehemu, akabandika pua kwenye simu, akamwita babu yake kwa Kibukusu.

"Kuka! Uko na ng'ombe wangapi?"

"Mmoja tu, mama."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Si umpatie jina! Ati ng'ombe hana jina!" Mtoto akageuka kumwambia mama yake habari hiyo ya aibu, na Fridah akacheka. Kicheko kilifika chote, mwanzo wake na mwisho wake. Wabwile hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kikiwa kizima, na machozi yalimlenga akajifanya anakohoa. Wakaongea juu ya mvua. Wakaongea juu ya mahindi yaliyoanza kutoa ndevu. Hakuna neno lililodondoka njiani.

Kisha habari za mvua na mahindi zikaisha. Nafasi ndiyo hiyo. Maneno ya zizini yakapanda hadi kooni kwa Wabwile, nilikosa mayi, yakafika kwenye meno, yakagoma. Sijui ni kiburi au ni haya. Ninalojua ni kwamba mdomo wa mtu hufuata njia uliyoizoea, kama punda anayerudi nyumbani bila kuongozwa. Akajisikia akisema, kwa sauti ile ile ya fimbo:

"Sasa, mayi. Wazee wa Hillary wanakuja lini?"

Na akaona. Kwa miaka yote hakuwahi kuona kinachofuata baada ya swali lake. Sasa aliona tabasamu likiondoka usoni kwa Fridah polepole, aliona taya likikaza, aliona macho yakienda pembeni, yakarudi yamelowa. Aliona jinsi mwanawe alivyomchoka. Pazia lilipepea nyuma yake taratibu, bila kukwama popote.

"Papa?" Fridah alisema, akimtazama usoni. "Papa, sikuskii. Netiweki inasumbua. Unakatikakatika."

"Mama, mimi namskia Kuka," mtoto alisema.

Fridah alimwekea mtoto mkono kichwani, akamvuta ubavuni bila kumtazama. "Papa? Haloo?"

Nitasema wazi: hilo liliuma kuliko siku ya kaburi. Siku ya kaburi kulikuwa na watu, na aliyeondoka hakuwa na hiari. Wabwile aliishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema, nakuona mayi, nakuona vizuri kabisa. Na angekuwa amemuumbua mbele ya mtoto wake, kama alivyomuumbua Hillary mbele ya umati. Aliyafikiria hayo yote katika muda wa kuvuta pumzi moja, huku mwanawe akingoja, mzima, wazi, upande wa pili.

Akaisogeza simu mbali kidogo na uso wake, akakunja paji kama mtu anayetega sikio, akapaza sauti jinsi mtu anavyomwita aliye mbali.

"Hata mimi sikuskii vizuri, mayi! Ni hii miti yangu. Nitaikata."